Dada anasema nimeshapoa. Nitajuaje kama ni kweli?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto 2, nina miaka 38, nauza dagaa hapa Kigoma. Nanunua Kibirizi wakishakauka, natuma Dar es Salaam, na mara nyingine nasafiri na mzigo mwenyewe. Naanza na kazi yangu kwa sababu inahusika na swali langu. Mimi kila kitu nakipima. Nikiwasugua dagaa kidogo kiganjani najua kama wamekauka kweli au wana unyevu ndani. Gunia nikilinyanyua tu najua kilo zake kabla halijafika kwenye mizani. Hili moja ndilo limenishinda.

Mama yetu alifariki Machi 2023, nyumbani kwake Ujiji. Mimi nilikuwa Dar na mzigo. Jumanne mchana alinipigia nikiwa sokoni, mteja ananizungusha na hela yangu. Mama akaanza habari za bati. Chumba chake kilikuwa kinavuja kona moja, alitaka bati 2 na hela ya fundi. Nilimjibu vibaya, Shangazi. Nilimwambia, "Mama, kila siku hela, hela. Ngoja, nitakupigia." Nikakata. Jioni mteja akanilipa, nikala, nikalala. Jumatano sikukumbuka kabisa. Alhamisi alfajiri dada akapiga. Nikadhani ni yaleyale ya bati, nikaiacha iite mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Walimzika siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Simlaumu mtu, maiti hacheleweshwi. Nilipanda basi Ijumaa alfajiri, nikafika Jumamosi, siku ya 3, hitma imekwisha na watu wanakunja majamvi. Makaburini nisingekwenda hata ningekuwepo, kwetu wanawake hatuendi. Lakini ningemuosha. Mimi ndiye niliyekuwa namsuka, kila nikiwa mjini nilikwenda Ujiji Alhamisi jioni kumsuka kwa ajili ya Ijumaa. Siku ile wamemuosha dada na mama zetu wadogo.

Sikulia sana. Kuna waliosema nina moyo mgumu. Baada ya wiki 2 nilirudi kwenye biashara, nikafanya kazi kama mtu anayekimbizwa, na mambo yakaenda. Mpaka 2024, serikali ilipofunga ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi 3 sina dagaa, sina safari, nimekaa tu. Hapo ndipo ile simu ilipoanza kunirudia. Najisikia mwenyewe nikisema "nitakupigia", kwa ukali uleule, na mkono unakwenda kwenye simu. Namba yake bado ninayo, nimeiandika "Mama Ujiji". Ziwa lilipofunguliwa yakapungua. Siku hizi yanakuja zaidi wakati wa mbalamwezi, boti zisipotoka na asubuhi sina pa kwenda.

Sasa dada yangu, ambaye ndiye anayekaa kwenye nyumba ya mama, anataka tufungue sanduku. Ni sanduku la mbao, lina kanga za mama, udi wake, na vitu vyake vidogo vidogo. Halijafunguliwa tangu msiba. Dada anasema, "Wewe si umeshapoa, hata kulia hulii, tulifungue tugawane." Kila akisema natafuta sababu. Nikienda Ujiji nakaa barazani, chumbani kwa mama siingii. Ameniambia mvua zilizopita walilisogeza sanduku mara 2 kwa sababu ya kona ile, na pale wameweka ndoo.

Presha inapimwa, sukari inapimwa. Je, kipo kipimo cha kujua mtu amemalizana na jambo? Nikiulizwa kama nimepona nasema nimepona. Sisemi uongo, lakini nikibaki peke yangu naona sijasema kweli.

Muuza dagaa, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama. Najua ni miaka sasa, pole yangu ipokee hivyohivyo.

Kipimo kipo, tena si kimoja. Hakifungwi mkononi kama cha presha. Ni maswali, lakini ni maswali yaliyofanyiwa kazi miaka mingi, na nikikueleza yanauliza nini utaiona barua yako ndani yake.

Kinachojulikana sana kilitolewa mwaka 1979 na daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Mardi Horowitz, pamoja na wenzake 2. Ni dodoso la maswali 15. Unachagua tukio moja, unaliandika na tarehe yake, halafu unajibu kuhusu siku 7 zilizopita tu. Maswali 7 yanahusu yale yanayokujia bila kuitwa: picha, ndoto, maneno, mawazo yanayoingia ukiwa unaosha vyombo. Mengine 8 yanahusu yale unayoyakwepa: mahali usipokwenda, habari usizotaka zitajwe, hisia unazozisukuma pembeni.

Hizo 8 ndizo nataka uzitazame. Dada yako anakupima kwa machozi, na kwa machozi umepoa. Horowitz na wenzake waliona kwamba mtu aliyeumizwa na jambo hupelekwa huku na huku, mara linamvamia, mara analikimbia, na pale anapolikimbia anaweza kuonekana mtulivu kuliko wote waliokaa msibani. Ndiyo maana kukwepa kunahesabiwa kama dalili, sawa na kuota ndoto mbaya. Sasa soma barua yako. Chumbani huingii. Sanduku unaliahirisha. Ulifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, hayo ni maneno yako. Kazi iliposimama miezi 3, kilichokuwa kinakukimbiza kikakufikia.

Nakuandikia kutoka Tabora, mji wa miembe. Baba yangu alipofariki, nilikaa miaka mingi bila kula embe za mti wake uliokuwa uani. Nilisema zinanisumbua meno. Watu waliamini, nami niliamini. Kwa hiyo nikikwambia habari za kukwepa, sikunyooshei kidole.

Hapo kuna jambo moja la vipimo ambalo wewe kwa kazi yako utalielewa haraka. Ukijibu maswali ya siku 7 wakati boti zinatoka kila usiku na wewe uko Kibirizi tangu alfajiri, utapata alama ndogo na utajidanganya. Ni kama kupima dagaa uliowapanga juu ya gunia ukaacha walio chini. Jipime wakati wa mbalamwezi, ukiwa umekaa. Na mwezi ujao jipime tena wakati wa mbalamwezi, kwa maswali yaleyale, maana huwezi kupima leo kwa debe na kesho kwa sado halafu ukasema mzigo umepungua.

Kuna wengine waliokwenda karibu zaidi na neno lako la kumalizana. Mwaka 2005 watafiti 2 wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Denise Beike na Erin Wirth-Beaumont, walichapisha kazi kuhusu kumbukumbu ambazo mtu anaona zimefungwa na zile anazoona bado ziko wazi. Waliwauliza watu jambo lenyewe linavyokaa moyoni: limekaa kama kitabu kilichofungwa, au kama shughuli ambayo haijaisha? Walichokiona ni kwamba jambo lililofungwa halijasahauliwa. Mtu analikumbuka. Kinachopungua ni joto lake, zile hisia za saa ileile zinazorudi pamoja na kumbukumbu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza siyo "bado namkumbuka mama?" Utamkumbuka mpaka mwisho wako. Swali ni hili: nikikumbuka, nakumbuka kama mtu anayesimulia, au narudi palepale sokoni na simu sikioni?

Na hapa ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili, kwa sababu ukitazama vizuri umefunga lumbesa. Umeshindilia mambo 3 kwenye gunia moja, kisha unashangaa halipimiki.

La kwanza ni kifo chenyewe. Kuhusu hilo uliandika, "Simlaumu mtu, maiti hacheleweshwi." Hayo ni maneno ya mtu aliyekubali. La pili ni kwamba hukumuosha. Hapo sauti yako ilibadilika, ukaanza kunieleza Alhamisi na kusuka, jambo ambalo sikukuuliza. La tatu ni simu ya Jumanne. Hiyo hukuisimulia kama ya 2023. Umeniandikia saa, mteja, maneno yako neno kwa neno, na mkono wako bado unakwenda kwenye simu.

Chukua karatasi uandike mambo hayo 3, kila moja kwa mstari wake. Kila moja lipe namba, kuanzia 0 mpaka 10: 0 ni kwamba nikilikumbuka natulia, 10 ni kwamba nikilikumbuka siwezi kukaa. Njia hii ya kuipa hisia namba si yangu. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliitumia na wagonjwa wake tangu miaka ya 1960, yeye akihesabu mpaka 100. Naamini kifo kitapata namba ndogo kuliko unavyodhani. Simu ndiyo itakuwa juu, na kwa miaka yote hii umekuwa ukiisoma namba ya simu kama ndiyo namba ya msiba mzima.

Kwa nini simu? Mwaka 1928 mwanasaikolojia Maria Ovsiankina, akiwa Berlin, aliwapa watu kazi ndogondogo kisha akawakatiza katikati. Alipowaacha bila kuwaambia lolote, wengi waliirudia ile kazi wenyewe. Hakuna aliyewatuma, hakukuwa na malipo. Kilichokatizwa kinamvuta mtu arudi. Wewe uliahidi kupiga simu na hukupiga. Mkono wako unaokwenda kwenye simu haujarogwa, wala wewe hujaanza kuchanganyikiwa. Ni ahadi iliyokatizwa, inatafuta kumalizwa.

Yupo mtaalamu mmoja, Pauline Boss wa Marekani, aliyefanya kazi kwa miongo mingi na familia zilizopotelewa na watu wao bila kuona maiti. Yeye anaipinga kabisa fikra kwamba binadamu hufunga mlango juu ya mtu aliyempenda. Kuhusu mama yako, namuunga mkono kwa moyo wote, na mtu akikwambia umalizane na mama yako usimsikilize. Simu ni jambo jingine. Simu inaweza kumalizwa.

Mama alikuomba nini? Bati 2 na fundi. Na wewe mwenyewe, mwishoni kabisa mwa barua, kama jambo dogo la kupita, umeniambia kona bado inavuja. Mmeweka ndoo. Mmelisogeza sanduku la mama mara 2 kulikimbiza na maji, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyenunua bati. Wewe unapeleka magunia Dar, sidhani kama ni hela iliyokosekana. Nadhani kununua bati zile ni kukiri kwamba zilikuwa bati 2 tu.

Zinunue, mwanangu. Nenda dukani mwenyewe, usimtume kijana. Kiangazi hiki ndicho wakati wa fundi kupanda juu. Ila nisikilize: usizinunue kama faini. Mtu anayelipa faini hamalizi, kila akilipa anaona deni bado. Usijenge nyumba nzima upya, usinunue bati 20. Nunua 2. Ulichoombwa kilikuwa na kipimo chake.

Na ile simu nayo ipige kwa namna yake. Kuanzia 1986, James Pennebaker wa Marekani amefanya majaribio ambayo watu huandika kuhusu jambo zito lililowapata, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, bila kujali herufi wala nukta. Siku za kwanza huumiza, wengi hutoka na huzuni zaidi, kwa hiyo usishtuke ukilia. Faida inayokuja baadaye si kubwa kwa kila mtu, lakini kwa jambo ambalo hujamwambia yeyote naona linakufaa. Mwandikie mama ulichokuwa na haraka ya kumwambia siku ile: kwamba mteja alikuwa anakuzungusha, kwamba uliogopa kurudi mikono mitupu, na jibu ambalo ungempa kama ungempigia Jumanne jioni. Ukimaliza siku ya 4, itie karatasi kwenye bahasha uifunge kwa gundi. Inaonekana kitendo cha kitoto. Lakini watafiti Xiuping Li, Liyuan Wei na Dilip Soman walilijaribu jambo hilo na kulichapisha 2010: walioandika majuto yao na kuyafungia kwenye bahasha walipungukiwa na maumivu kuliko walioandika tu wakakabidhi karatasi. Dua na sadaka kwa ajili ya mama unazijua kuliko mimi, na kama una swali la dini mwone shehe wako. Haya ninayokupa hayachukui nafasi yake.

Limebaki lile la kuosha, na hapo kuna mtu mmoja tu wa kukusaidia, naye ni dada yako. Hukuniambia kama anajua habari ya simu. Nahisi hajui. Anakuona hulii, hutaki kuingia chumbani, hutaki sanduku, na yeye ndiye aliyekuwa peke yake alfajiri ile, ndiye aliyekupigia ukaiacha simu ikakatika. Huenda na yeye ana namba zake 3 ambazo hajawahi kuulizwa. Kaa naye uani, si barazani mbele ya watu, umweleze Jumanne ile kama ulivyonieleza mimi.

Kisha mwombe akusimulie alivyomuosha mama. Najua muoshaji hutunza siri ya maiti, na hutamwomba aseme yasiyosemwa. Lakini maiti wa kike huoshwa nywele na kusukwa mikia 3. Kuna mikono iliyofanya kazi yako siku ile. Muulize ni ya nani.

Kuhusu sanduku, usilifungue kwa sababu dada amesema umepoa, wala usilizuie mpaka usisikie chochote, maana siku hiyo haitakuja. Mwambie dada umeweka mpango: bati kwanza, kisha mbalamwezi 2 za kujipima. Namba ya simu ikishuka hata kutoka 9 mpaka 6, fungueni. Ikikataa kushuka kabisa, usijifungie nayo.

Sioni kwako ugonjwa wa huzuni iliyokomaa. Shirika la Afya Duniani linautambua pale kumlilia marehemu kunapozidi miezi 6, kupita kiasi cha mila na dini ya watu husika, na kumzuia mtu kuishi. Wamarekani kwa watu wazima wanasubiri miezi 12. Wewe unafanya kazi, unalea. Lakini ukianza kukosa usingizi wiki baada ya wiki, ukashindwa kula, au likakujia wazo la kumfuata mama, acha karatasi hizi nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ukaulizie huduma za afya ya akili. Nenda siku hiyohiyo, usingoje mbalamwezi.

Namba ya "Mama Ujiji" usiifute. Sijaona dodoso lolote linaloihesabu.

Fundi akishashuka juu ya paa, ndoo iacheni palepale. Mvua ya kwanza ikinyesha, panda bajaji uende Ujiji, uingie chumbani kwa mama, uitazame ndani. Jioni hiyo ijaze ile karatasi tena, uniandikie namba zote 3.